Kumwaga oili ya injini na oili ya gia kwenye skuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huku Unguja skuta yoyote tunaiita vespa, hata kama imeundwa China. Mimi napanda yangu kila siku kati ya Fuoni na Mjini, na oili namwaga mwenyewe uani kwangu, Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na majirani na kina dada tunaokutana kwenye foleni ya petroli. Majibu mengi yanahusu skuta za otomatiki za cc 50 hadi 150. Vespa za zamani, zile za gia za mkono, zina swali lake huko chini.

Skuta ina oili ngapi?

Mbili, na kila moja ina chumba chake. Ya kwanza ni oili ya injini, ambayo kila mtu anaijua. Ya pili ni oili ya gia, na hiyo imo nyuma, kwenye kijichumba kilichoshikana na tairi la nyuma, mahali ambapo gia chache hupunguza kasi kabla nguvu haijafika kwenye ekseli. Kati ya vyumba hivyo kuna belti na klachi, na vyote viwili hufanya kazi vikiwa vikavu. Oili ikipenya humo, belti inateleza na klachi inashindwa kushika.

Nalianza na hili kwa sababu ndilo linalozaa makosa karibu yote. Mafundi wetu wengi wamejifunzia kwenye pikipiki za bodaboda. Kwenye Boxer au TVS Star oili moja ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Ukishamwaga hiyo, kazi imekwisha. Fundi wa namna hiyo akipewa skuta atamwaga ya injini, atakurudishia ufunguo, na ile ya nyuma itabaki kama ilivyotoka kiwandani. Nilishawahi kuifungua skuta ya jirani aliyokaa nayo miaka sita. Bolti ya gia ilikuwa bado na rangi ya kiwandani kichwani, yaani haijapata kuguswa na spana. Kilichotoka kilikuwa kizito kama uji wa ulezi, kijivu, na kilipopigwa na jua kilimetameta kwa unga wa chuma. Harufu yake ya yai viza ni ya salfa iliyomo kwenye oili ya gia, hiyo isikutishe. Ule unga ndio wa kutisha.

Nitajuaje bolti ipi ni ya injini na ipi ni ya gia?

Ya injini iko chini ya injini, katikati ya skuta. Ya gia iko nyuma kabisa, upande wa kushoto kwa skuta nyingi, usawa wa ekseli ya tairi au chini yake kidogo. Huko nyuma utakuta bolti mbili, ya juu ya kutilia na ya chini ya kumwagia. Injini nyingi zimechongwa maandishi kwenye chuma chenyewe, pembeni ya tundu, yakitaja oili inayoingia hapo na kiasi chake. Futa tope kwa kitambaa chenye petroli kidogo, usome kabla hujafungua chochote.

Yaliyonipata mimi ni haya. Zamani nilikuwa napeleka gereji. Siku moja fundi aliilalia chini skuta yangu, akafungua bolti ya nyuma, vikatoka vijiko vichache tu vya oili. Akaniambia kwa huruma kabisa, "Dada, vespa yako imekula oili yote, bahati yako umeniwahi." Akafunga, akachukua chupa ya lita moja, akaimimina yote mbele. Alikuwa amemwaga oili ya gia akidhani ni ya injini, kisha akaongeza lita nzima juu ya oili iliyokuwemo tayari. Nilipofika mzunguko wa Amani moshi wa buluu ulikuwa unanifuata mpaka mwenye daladala ananipigia honi, na huku nyuma tairi linalia kama kinu cha kusagia. Nilizima papo hapo nikasukuma. Gia zilipona kwa kuwa sikwenda mbali, lakini chujio la hewa lilikuwa limelowa oili, nikalitupa. Tangu siku hiyo nafanya mwenyewe.

Ninunue oili gani?

Kwa injini, fuata namba iliyo kwenye kitabu cha skuta yako. Nyingi zinataka 10W-30 au 10W-40. Kama kitabu kimepotea, kwa joto letu la pwani 10W-40 ya injini za pikipiki inafaa kwa skuta nyingi za Kichina. Ile namba ya mbele yenye W inahusu baridi ya kuwashia, na sisi baridi hiyo hatuna, kwa hiyo usikeshe ukiihangaikia.

Tazama pia herufi za JASO nyuma ya chupa, kipimo cha Wajapani cha oili za pikipiki. MA ni kwa pikipiki ambazo klachi yake inaoga kwenye oili. MB ina msuguano mdogo zaidi na imekusudiwa skuta, maana klachi ya skuta iko nje ya oili, kavu. Skuta ukiitia MA haidhuriki. Kibaya ni kuchukua MB iliyobaki ukamtilia shemeji yako kwenye bodaboda. Klachi yake itaanza kuteleza, naye hatajua kwa nini.

Kwa gia, skuta nyingi hutaka oili ya gia 80W-90. Usione 90 ukadhani ni nzito mara mbili ya 40. Oili za gia hupimwa kwa ngazi yake, na 90 ya gia inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50.

Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa mimi siinunui hata kwa bei ya nusu. Nunua chupa yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa, na ukishaitumia itoboe, isije ikaokotwa ikajazwa tena.

Inaingia kiasi gani?

Injini nyingi za cc 125 na 150 za mtindo wa GY6, zile ambazo asili yake ni Honda na leo zinaundwa na viwanda chungu nzima vya China, huchukua kama lita 0.8. Nyingine ni lita 0.7. Gia ni kidogo sana, kati ya mililita 100 na 120 kwa kawaida.

Hapa nakuomba uwe mkali. Oili huuzwa kwa chupa ya lita moja, na mkono wa fundi umezoea kumaliza chupa. Skuta haitaki lita. Ile mililita 200 inayobaki ni ya kuhifadhi kwa ajili ya kuongezea baadaye, si ya kumalizia.

Kila baada ya muda gani?

Skuta mpya, mwaga zote mbili ikifika kilomita 300 hadi 500, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na kutoa unga. Baada ya hapo mimi namwaga ya injini kila kilomita 2,000 na ya gia kila 5,000 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Watengenezaji wengine wanaruhusu zaidi. Kuna Honda ambazo kitabu kinasema kilomita 6,000 kwa injini. Lakini skuta yangu haina chujio la karatasi, ina wavu wa waya tu, na safari zangu ni fupi za foleni na vumbi.

Ikiwa mita ya kilomita imekufa, na ya wengi imekufa, hesabu kwa kalenda. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha kiti.

Nahitaji vifaa gani?

Spana za namba 10, 12 na 17, na soketi ya namba 24 kwa zile zenye kofia kubwa. Beseni kuukuu, matambara, faneli ndogo, washa mpya za bolti, na sirinji kubwa kutoka duka la dawa pamoja na kipande cha mpira mwembamba wa kuichomeka. Sirinji ni ya oili ya gia. Bila sirinji utamwaga nusu ya oili kwenye tairi.

Oili ya injini naimwagaje?

Washa injini dakika tatu nne ipate uvuguvugu, kisha uzime. Oili baridi inatoka na kuacha uchafu nyuma, na ya moto sana itakubabua vidole. Simamisha skuta kwa stendi kubwa mahali pa sawa, vuta stiki ya kupimia ili hewa iingie, weka beseni, fungua.

Kama bolti yako ni ile kofia kubwa ya namba 24, shika kwa kiganja unapoimalizia kwa mkono. Nyuma yake kuna springi na wavu wa waya, na vyote viwili vinaruka nje pamoja na oili. Wenye haraka huvipoteza kwenye beseni jeusi. Nilizoea kutandika karatasi nyeupe pembeni na kuvipanga kwa mpangilio vilivyotoka: kofia, oringi (pete ya mpira), springi, wavu. Osha wavu kwa petroli, uinue juani uangalie vitundu vyake. Ukiona vijipande vya plastiki ngumu au vinywele vya chuma, viweke kwenye kibiriti kitupu umwonyeshe fundi, kwa sababu kuna kitu kinalika ndani. Utelezi mweusi mtupu ni wa kawaida.

Acha idondoke mpaka matone yahesabike. Paka oringi oili safi, rudisha kwa mpangilio uleule, na kofia uianze kwa vidole, angalau mizunguko mitatu, ndipo ushike spana. Tia oili chini kidogo ya kiasi kilichoandikwa, washa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo mpaka ifike kati ya alama mbili za stiki.

Kuhusu kupima watu hugombana bure. Skuta nyingi za Kijapani na nakala zake za Kichina, stiki huchomekwa tu na kuegeshwa juu ya nyuzi, haikazwi. Vespa nyingi za kisasa za Piaggio, waundaji wa Vespa halisi, stiki hukazwa mpaka mwisho. Tofauti ya njia hizo mbili inatosha kukufanya uzidishe au upunguze, kwa hiyo fuata kitabu cha skuta yako, usifuate cha mwenzio.

Na ya gia?

Hii ni rahisi kuliko ya injini, dakika kumi tu, ila ina sharti moja: fungua kwanza bolti ya kutilia, ya juu. Ikiwa imeganda kwa kutu na chumvi ya bahari na haifunguki, bado hujaharibu kitu. Ukianza na ya chini, oili ikamwagika yote, kisha ya juu ikakataa, skuta yako haiendi popote na huna pa kutilia.

Ya juu ikishalegea, fungua ya chini, weka kikopo, uache itoke taratibu. Funga kwa washa mpya. Vuta oili kwenye sirinji, choma mpira kwenye tundu la juu, sukuma polepole. Kwa mililita 120 ukiwa na sirinji ya mililita 20 ni mara sita. Hesabu kwa sauti, maana ni rahisi kusahau. Funga ya juu, kisha pangusa tairi na rimu kwa kitambaa chenye sabuni. Tairi lenye oili kwenye lami ya Kiembesamaki siku ya mvua ni hatari kuliko gia kavu.

Bolti inazunguka tu, haikazi. Nifanyeje?

Nyuzi zimelika. Injini ni ya alumini na bolti ni ya chuma, na alumini ndiyo inayoshindwa kila mara. Usifunge kwa gundi wala utepe wa bomba ukadhani umepona, kwa sababu bolti ikidondoka njiani injini inakufa ndani ya dakika chache. Peleka kwa fundi mkerezaji, atachonga nyuzi upya na kuweka ringi ya nyuzi za chuma ndani ya tundu. Zikiwekwa vizuri zinakuwa imara kuliko za mwanzo.

Kinga yake ni kukaza kwa kiasi. Bolti za gia ni nyembamba. Tumia spana fupi, ushike karibu na kichwa, na bolti ikishagusa washa ongeza robo mzunguko tu.

Oili imetoka rangi ya chai ya maziwa. Ni nini?

Maji. Baada ya mvua za masika naulizwa hili kila wiki. Skuta iko chini, na ukipita kwenye dimbwi lililofika usawa wa injini maji hupenya kwenye kipumulio (tundu la kupitishia hewa) cha gia au cha injini. Usiendelee kuipanda. Mwaga, tia oili ya bei nafuu, washa dakika tano bila kwenda mbali, mwaga tena, ndipo utie oili nzuri. Fanya hivyo pande zote mbili, na ufungue pia kifuniko cha belti ili ndani pakauke.

Ukungu mwepesi wa maziwa kwenye kizibo peke yake, huku oili ya ndani ni safi, ni jambo jingine: ni unyevu wa safari fupi fupi ambazo injini haipati moto wa kutosha. Siku moja iendeshe mpaka Nungwi na kurudi.

Imekuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilisha. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Oili nzuri ina sabuni za kusafisha masizi ya zamani, na masizi hayo ndiyo yanayoipa weusi. Rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Isugue kati ya vidole: ikiwa nyepesi kama maji na inanuka petroli, hapo kuna tatizo, mara nyingi kwenye kabureta.

Naweza kutia oili ya injini kwenye gia, au ya gia kwenye injini?

Ya injini kwenye gia, inategemea. Baadhi ya Honda kitabu chenyewe kinataka 10W-30 huko nyuma. Kwa skuta iliyoandikiwa 80W-90, oili ya injini itakufikisha nyumbani, ila usiiache humo. Ya gia kwenye injini, kamwe.

Nimezidisha oili ya injini. Kuna madhara?

Yapo. Oili ikizidi inapigwa na kuwa povu, na povu halilainishi. Ya ziada husukumwa kupitia kipumulio mpaka kwenye boksi la hewa, ndiyo hadithi yangu ya Amani. Legeza bolti utoe kidogo, au ifyonze kwa sirinji kupitia tundu la stiki, kisha ukague chujio la hewa.

Vespa yangu ni ya zamani, PX ya gia za mkono. Yote haya yananihusu?

Machache tu. PX, ambayo Piaggio waliitoa mwaka 1977, ina injini ya mapigo mawili: oili ya injini huchanganywa kwenye petroli na kuungua nayo. Kiwango ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na iwe oili ya mapigo mawili. Kuna PX zenye tangi la oili la pekee linalochanganya lenyewe. Hizo kazi yako ni kuangalia kidirisha cha kioo kisiwe kitupu.

Oili ya kumwagwa ni ya giaboksi peke yake: mililita 250 za SAE 30. Kwenye injini utaona neno OLIO karibu na bolti ya kutilia. Skuta ikisimama wima, unatia mpaka oili ianze kuchungulia kwenye tundu hilo. Klachi ya vespa hii, tofauti na ya otomatiki, inaoga humo humo. Kwa hiyo usiitilie oili ya gari yenye viongezo vya kupunguza msuguano, itateleza.

Nusa unachokimwaga. Kikinuka petroli kwa nguvu, au ukikuta oili imepungua na bomba linatoa moshi mwingi mweupe, sili ya krenki (mpira unaozuia oili na petroli visivuke) upande wa klachi imechoka. Kubadilisha oili hakutaitibu. Injini lazima ifunguliwe.

Nimebadilisha zote mbili, mlio wa nyuma haujaisha.

Zungusha tairi la nyuma kwa mkono, injini ikiwa imezima na skuta iko juu ya stendi kubwa. Mlio wa kukwaruza unaofuata mzunguko wa tairi unatoka kwenye beringi za gia au ekseli. Ukisikika tu wakati wa kuondoka ukiwa na abiria, tafuta kwenye belti na klachi.

Oili chafu niipeleke wapi?

Usiimwage chini. Unguja tunakunywa maji ya visima, na ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe yenye nyufa; unachokimwaga uani kina njia ya kushuka kwenye maji. Mimi naijaza kwenye dumu la lita tano, naliandika OILI CHAFU kwa herufi kubwa ili mtoto asilifungue, na likijaa nalipeleka kwenye gereji kubwa ambako hukusanya kwenye mapipa. Mafundi seremala nao huiomba wapakie nguzo dhidi ya mchwa. Kabla ya kumpa, muulize nguzo zinasimikwa wapi. Kama ni banda la kuku au karibu na kisima, mnyime.

Sina nafasi ya kufanya mwenyewe. Nimwambie nini fundi?

Nenda na oili zako mbili mkononi, na sirinji. Mwambie, "Fundi, hii lita 0.8 ni ya mbele, hii mililita 120 ni ya nyuma," kisha usiondoke. Omba uonyeshwe kilichotoka nyuma. Fundi mzuri hachukii, na wengine waliniambia walikuwa hawajui, tukaonyeshana.

Nimemaliza. Kesho yake niangalie nini?

Usiku tandika kipande cha boksi chini ya skuta. Asubuhi tazama matone yako wapi: katikati ni bolti ya injini, nyuma ni ya gia. Tone moja dogo linaweza kuwa ni mabaki tu ya jana, pangusa utandike tena. Likirudi usiku wa pili, badilisha washa kabla hujaongeza kukaza.